Mguu wa Mwanaidi

…na sasa imetetemeka mara ya tatu, ile simu, pale mapajani chini ya kitenge, na Rahabu ameibana kwa viganja vyote viwili ili mtetemo wake usimfikie wifi yake aliyekaa kulia, wala mama mkwe aliyesimama nyuma na kumwekea mkono begani, wala zaidi ya wote Mzee Anord, mzee wa kanisa, ambaye amefumba macho katikati ya sebule na ndiyo kwanza anaanza kumwombea safari, na maombi ya Mzee Anord kila mtu huku juu anayajua, hayana njia ya mkato, yakianzia kwenye kuumbwa kwa mbingu na nchi lazima yapitie kwa manabii ndipo yafike kwenye shida ya mtu, na leo shida ya mtu ni yeye, Rahabu mke wa Nathanaeli, anayeshuka kesho kwenda Dar es Salaam kupasuliwa, tunamleta mbele zako mjakazi wako, Bwana, na akina mama wa jumuiya waliojaa hadi mlangoni wanaitikia kwa kuguna, mmh, Bwana, na yeye yuko katikati yao kwenye benchi lililoazimwa kwa jirani, kwa kuwa viti vyake mwenyewe vyenye mikono vilishamkataa tangu mwaka juzi, na hakuna aliyeuliza kwa nini mwenye nyumba akae kwenye benchi na wageni wakae kwenye viti, watu wa huku wana adabu, waliliweka tu, wakatandika mto juu yake, wakageuza macho… na jina lililotokea kwenye kioo alipochungulia mara ya kwanza lilikuwa la Mwanaidi.

Mwanaidi! Moyo ulimruka kwa furaha, yu hai, anapiga, amezinduka, amepata simu yake, na kabla ile furaha haijakaa vizuri ikaganda, maana Mwanaidi hapigi simu, miezi saba hii hajawahi kumpigia hata mara moja, yeye ni mtu wa kurekodi sauti, dakika nne, dakika sita, huku anapepeta iliki au anagombana na mteja pale sokoni Muheza, "mimi sipigi, pacha, simu inakata maneno, mimi maneno yangu sipendi yakatwe," sasa nani anapiga kwa simu ya Mwanaidi, tena mara tatu mfululizo, mtu mwenye haraka, mtu asiyejua desturi ya mwenye simu… Jumatatu asubuhi ndipo alipoingia chumba cha upasuaji, alimrekodia ujumbe mfupi kuliko zote, "pacha, nimevaa gauni lao, mgongo wote nje, niombee," na leo ni Alhamisi, siku tatu, ujumbe aliomtumia Jumatatu jioni una alama moja tu ya kijivu, wa Jumanne alama moja, wa jana alama moja, na alama moja maana yake simu imezimwa, na simu kuzimwa si kitu, mtu amepasuliwa, amelala, chaja imesahauliwa Muheza, hayo ndiyo aliyojiambia akikoroga uji, akayarudia akikunja nguo, akayarudia mpaka yakaisha ladha… "wewe uliyemponya mama mkwewe Simoni," anasema Mzee Anord, amekwishaingia Agano Jipya, leo anakwenda haraka… na huku kundini nako, kundi lao la simu, lile la watu thelathini wanaojiandaa kupunguzwa tumbo au waliokwisha kupunguzwa, kundi ambalo halijawahi kunyamaza hata wakati wa futari, lilinyamaza Jumanne jioni ghafla, akafungua akakuta maandishi ya kijivu chini kabisa, kwamba viongozi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe, na juu yake ujumbe wa Sista Tatu, muuguzi anayewalea, mstari mmoja, ndugu zangu tuzidi kuombeana, basi, na siku nzima iliyofuata hakuna neno. Mtu hufunga mlango kwa sababu kuna kitu ndani.

Ila yeye alikuwa anajua ni kitu gani. Hilo ndilo linalomlemea siku tatu hizi, wengine wote wanakisia, yeye hakisii… asifike huko, asikilize maombi, Mzee Anord anauombea uvimbe, "ule uvimbe, Bwana, ukausinyaze kabla hata ya kisu kuugusa," na wifi yake analia kwa sauti ya chini, analia kweli, machozi yanamdondokea kwenye kanga, anaulilia uvimbe ambao haupo, kwa sababu ndivyo Rahabu alivyowaambia wote isipokuwa Nathanaeli, kwamba ana uvimbe tumboni, kwani angewaambia nini, angewaambiaje wanawake wanaopanda mlima huu na tenga la kabichi kichwani kwamba yeye anakwenda kukatwa tumbo libaki dogo kama ndizi ili asiweze kula, wangemtazama, wangetazamana, na mmoja wao kwa upole kabisa angesema, si uache tu kula… "si uache kula," alisema Mwanaidi siku ile ya kwanza, "hayo maneno nimeyasikia kuliko jina langu," na Rahabu akacheka mbele ya watu asiowajua, jambo ambalo alikuwa hajalifanya kwa miaka, kule kliniki Dar, kwenye ukumbi wa kusubiria, alipokuwa amesimama na faili mkononi akiviangalia vile viti vya plastiki na kuvipigia hesabu anazozijua yeye, kiti kipi kina ufa, kipi miguu imetanuka, na mwanamke mmoja mnene mwenye baibui na pete ya fedha akapigapiga benchi la ukutani, akamwambia, "Njoo kaa hapa, mama. Hili limenibeba mimi, na wewe litakubeba." Hakuna aliyewahi kumwita kwenye kiti namna ile. Wakakaa, mapaja yakagusana, hakuna aliyeomba radhi. Mmoja Mshambaa Mlutheri wa Lushoto anayepika jamu ya pichi na kuwauzia wageni wa njia ya Irente, mwingine Mbondei Mwislamu wa Muheza muuza viungo, na Sista Tatu alipowapanga wawiliwawili kila mtu na mwenzake wa kusaidiana naye mpaka siku ya upasuaji, hao wawili hawakuhitaji kupangwa, walikuwa wamekwisha kupangika.

Na ilimsaidia, nani aseme haikumsaidia, kwa nini akili yake leo inataka kukitia doa kila kitu, walitembea pamoja jamani, nusu saa kila asubuhi kama walivyoagizwa, Mwanaidi kule chini kwenye joto na yeye huku juu kwenye ukungu, kila mmoja anarekodi pumzi zake anamtumia mwenzake, nimefika kwenye zahanati, nimefika kwenye mwembe wa shule, na wiki ya kwanza Rahabu alikuwa akihesabu hatua mia anasimama, mwezi wa tatu akafika hadi kwenye kona ya mikaratusi bila kusimama, alisimama pale akalia akamrekodia hata hicho kilio, na walipoanza kunywa vitu vya majimaji tu, mwezi mmoja kabla ya kisu, uji mwepesi na supu iliyochujwa ili ini lisinyae, kwa kuwa ini la mtu mnene hulifunika tumbo na daktari akakosa pa kupita, siku ya nne Rahabu alianguka, alikuwa anafunika chupa za jamu na mkono ukaenda wenyewe, vijiko vitatu, akasimama pale jikoni kama mwizi, nani mwingine angemwambia, angemwambia Nathanaeli angesikitika, angemwambia Sista Tatu angeandika, akamwambia Mwanaidi, na Mwanaidi akamjibu kwa sauti nzito ya hakimu, "Vijiko vitatu? Mimi jana nimelamba mwiko wa pilau mpaka ukawa mpya," wakacheka, wakaanza upya siku hiyohiyo. Ndivyo lilivyoanza hili la kufichiana, kumbe. Si siku ya mguu. Lilianzia kwenye kijiko na mwiko, utamu ule wa kuwa na mtu wa kumwambia usilowaambia wengine, siri yako kwangu, yangu kwako, pacha…

…kisha ikaja ile fomu. Simu imetulia sasa, imeacha, kimya chake kinauma kuliko mtetemo… fomu ilikuja wiki mbili zilizopita, kurasa mbili, wakaijaza kila mtu kwao huku wakizungumza, na swali la tisa lilikuwa, je, unakoroma sana, au huamka usingizini ukiwa umekosa pumzi? Kalamu yake ilisimama hapo. Maana huamka. Maana hukabwa, mara nyingine mara tatu kwa usiku mmoja, kama mtu ameshikwa koo na kuzamishwa kisha kuachiwa, na Nathanaeli amekwisha kumwambia kwa upole wake, mke wangu, unakata pumzi, mimi huwa nahesabu, nikifika kumi na tano nakutikisa, mwambie daktari, na alipomuuliza Mwanaidi aandike nini, Mwanaidi alimwambia aandike hapana, "ukiandika ndiyo watakupeleka kupimwa usingizi, na kipimo hicho foleni yake miezi mitano, pacha, utarudi nyuma yangu, tutaachana, na mimi bila wewe sitaweza," na Rahabu akaandika hapana, herufi sita. Shangazi yake alikufa usingizini. Hilo hakumwambia hata Mwanaidi. Shangazi aliyekuwa na mwili kama wake na mkoromo uliosikika hadi kwa jirani, alilala Jumamosi Jumapili hakuamka, miaka arobaini na tisa, na Rahabu, mwaka huu anaingia arobaini na sita, anakumbuka kuliko kifo chenyewe lile jeneza kushindwa kupita mlangoni, wakang'oa fremu, nyundo zikigonga msibani, na kule kwao gari halifiki, ni kijia cha mteremko, wanaume wanane wakabeba, wakapokezana mara nne, mara tano, na tarumbeta za kanisa zikapiga wimbo ule ule tena na tena zikisubiri jeneza lifike, na nyuma yake kwenye msafara mtu mmoja akasema neno kwa Kishambaa na mwenzake akakohoa ili asicheke. Alikisikia kile kikohozi. Anakisikia mpaka leo akipanda ngazi. Ni kwa ajili ya kikohozi kile anakwenda kupasuliwa, si kwa ajili ya sukari wala presha, asijidanganye, anakwenda ili siku yake ikifika abebwe na watu sita tu bila kupokezana, na tazama akili ya mtu, kwa hofu ya jeneza zito akaificha pumzi inayokatika, akaiandikia hapana, apelekwe mezani alazwe kwa dawa ya usingizi, yeye ambaye hata usingizi wa kawaida unamkaba…

"Mkono wa daktari uwe mkono wako, Bwana," anasema Mzee Anord, na mkono wa mama mkwe begani unakuwa mzito zaidi, mama mkwe naye anaomba kwa midomo tu, kwa Kishambaa, chini chini, na harufu ya makande na maandazi yaliyofunikwa kwenye meza inapanda, akina mama wamekuja navyo wale baada ya Amina, yeye atashika kikombe chake cha supu iliyochujwa na kutabasamu… na Jumatano ya wiki iliyopita. Basi na lije. Jumatano ya wiki iliyopita alikuwa amesimama jikoni, pichi zinachemka, akafungua ujumbe wa Mwanaidi huku anakoroga, na sauti haikuwa ya sokoni, ilikuwa ya chumbani, "Pacha, huu mguu wangu wa kushoto umevimba toka goti kwenda chini. Una moto. Nikiubonyeza hapa nyuma naona nyota. Nimeupaka mafuta ya karafuu. Usimwambie Sista, wataniahirisha, na mimi nikiahirishwa sirudi tena pale, najijua." Na yeye Rahabu alimsikia Sista Tatu kwa masikio yake, miezi miwili nyuma, amesimama mbele yao wote akisema mguu ukivimba mmoja, pumzi ikikata, msisubiri kesho, niambieni, alimsikia, na Mwanaidi alikuwa amekaa pembeni yake akamsikia, na bado akamrekodia, huku mwiko uko mkononi, huku akijua anachofanya, au hakujua, hapana, alijua, "Pole pacha, ni mazoezi hayo, umetembea sana, uinue kwenye mto." Ni mazoezi hayo. Nani alimwambia ni mazoezi. Alitaka iwe mazoezi, kwa sababu mguu ukisemwa na pumzi itasemwa, Mwanaidi akirudishwa nyumbani ataulizwa na pacha wako je, huo ndio ukweli wenyewe, hakuwa akimfichia Mwanaidi, alikuwa akijifichia yeye, na kesho yake Mwanaidi akasema tufute zile sauti, wakafuta wote wawili, wakabaki na vile vimstari vya ujumbe umefutwa, viwili, kama makaburi mawili ya watoto yaliyopangana. Na Ijumaa akamuuliza mguu vipi, Mwanaidi akasema umepungua. Na Jumapili Mwanaidi akavaa sketi ndefu akaenda kulazwa.

Simu imetetemeka tena, fupi, mara moja. Ujumbe huo.

Akaishusha shingo kama mtu aliyezama kwenye sala, akaivuta simu mpaka kwenye pindo la kitenge, na macho yakakataa kusoma, yakaanza kusoma saa, saa tisa na dakika kumi na nane, yakasoma chaji, yakazunguka zunguka kama kuku aliyeona mwewe, ndipo yakatua. Asalaam aleikum dada, mimi ni Saumu mdogo wake Mwanaidi, nimekupigia hupokei, ndugu yangu yuko kwenye mashine ya pumzi toka juzi, hasemi, daktari anasema ni damu iliyoganda imetoka mguuni, anauliza mguu ulianza kuvimba lini na upi ulianza, sisi nyumbani hakutuambia kitu, humu amekuandika Pacha wa Mlimani ndiyo nikasema labda wewe unajua, kama unajua tuambie dada. Akausoma hadi mwisho. Akarudi juu. Hasemi. Mwanaidi hasemi, mtu asiyependa maneno yake yakatwe, ana mpira wa pumzi mdomoni… na jambo la kwanza kuja, Mungu amsamehe, halikuwa huruma, lilikuwa ni neno sijui, lilikuja likiwa limekwisha vaa nguo, dada pole sana mimi hakuniambia, herufi zake zote tayari, na ni kweli nani atajua, sauti zimefutwa, Mwanaidi hasemi na pengine hatasema tena, na akisema atasema nini, atasema nilimwambia pacha, au hatasema, Mwanaidi hasaliti mtu, Mwanaidi angekufa na siri ya pumzi ya Rahabu, na pengine ndivyo anavyofanya sasa hivi kule… na kisha kesho Rahabu ashuke mlima, Jumapili alazwe, Jumatatu alale kwenye meza ile ile, mikononi mwa watu wale wale, wamuulize kwa mara ya mwisho kama wanavyowauliza wote, una lolote la kutuambia, mama, na aseme hapana.

Aliona vizuri namna itakavyokuwa. Hakuona kwa ndoto, aliona kama mtu anavyoona barabara ya kijijini kwao, taa ya duara juu, kinyago cha plastiki kikishushwa usoni, hesabu moja, mbili, tatu, halafu lile koo, mkono ule ule wa kila siku ukilishika koo, ila safari hii hakuna Nathanaeli wa kufika kumi na tano na kutikisa… "wako wengi waliokwenda na kurudi," anaomba Mzee Anord, "na wako waliokwenda wasirudi, mapenzi yako yatimizwe," na akina mama wanasema mmh, Bwana, kwa sauti iliyoshuka, na hapo hapo, bila kuamua, au aliamua zamani na vidole ndivyo vilivyochelewa kupata habari, akawa anaandika. Aliandika kwa kidole gumba kimoja chini ya kitenge, bila miwani, herufi zikimponyoka anazirudia. Mguu wa kushoto. Jumatano ya wiki iliyopita asubuhi, toka goti kwenda chini, ulikuwa wa moto na nyuma unauma ukibonyezwa. Akasita. Ingetosha. Daktari hakuuliza zaidi ya hapo, lini na upi, angeweza kutuma hivyo akabaki mtu mwema aliyekumbuka… akaendelea. Aliniambia nisiseme nikakubali. Mimi ndiye niliyemwambia ni mazoezi, mdogo wangu, yeye alitaka kuogopa na mimi nikamzuia. Mwambie daktari hivyo hivyo nilivyoandika. Akatuma kabla hajausoma, kwa kuwa alijijua, angeusoma angepunguza.

Na haikuwa nafuu. Alidhani itakuwa kama kutua mzigo, watu husema hivyo, kwamba ukisema kweli unakuwa mwepesi, kumbe ilikuwa ni kinyume chake, alijiona mzito kuliko alivyowahi kuwa, kila kilo ya mwili wake ikadai mahali pake kwenye lile benchi, mbao ikaguna chini yake na wifi akafungua jicho moja akalifunga, na Rahabu akafikiri, Saumu anasoma sasa, Saumu ambaye sijapata kumwona, amesimama kwenye korido na simu ya dada yake, anasoma kwamba kuna mwanamke huko milimani alijua siku tano nzima, na atafanya nini, atalia, atanilaani, ana haki, aje anilaani, mradi afike kwanza kwa daktari… na kama Mwanaidi ataondoka, Rahabu atashuka Muheza, siyo kwa tarumbeta wala maneno ya faraja, atakaa kwenye mkeka na wafiwa hata kama atahitaji watu wanne wa kumwinua, na watakapomuuliza wewe ni nani yake atawaambia. Na kama hataondoka… hakulimalizia hilo, aliliogopa, lilikuwa zuri mno.

Bado kulikuwa na moja. Akalitafuta jina la Sista Tatu, nalo lilikuwa karibu, juu kabisa, akaandika polepole safari hii kama mtoto anayeandika kwenye mchanga, shikamoo Sista, ni Rahabu wa Lushoto wa Jumatatu. Kwenye fomu swali la tisa nilidanganya. Nakabwa usingizini karibu kila siku, mume wangu ni shahidi, na shangazi yangu alikufa hivyo. Mkiona mniahirishe niahirisheni. Akakiweka kidole juu ya alama ya kutuma, na pale kilipokuwa akaiona miezi saba yote ikirudi nyuma, foleni ya miezi mitano, benchi la ukutani kliniki akiwa amelikalia peke yake, upande wa pili mtupu, kutembea peke yake hadi kwenye mikaratusi bila mtu wa kumrekodia, akina mama hawa hawa wakimwuliza kwa nini umerudi na uvimbe wako, na akajua pia kwamba huenda hatarudi kliniki kamwe, kwamba anaweza kuwa kama Mwanaidi alivyosema, mtu ambaye akiahirishwa harudi, na kwamba mwili huu na pumzi hii ndivyo atakavyokuwa navyo mpaka mwisho, uwe karibu uwe mbali. Hakuna aliyemwahidi kwamba mbali. Akabonyeza.

Mzee Anord amefika kwenye madereva sasa, anawaombea wote walioshika usukani kati ya Lushoto na Dar es Salaam, kona kwa kona, breki kwa breki, Amina iko mbali bado, na Rahabu anainua uso, kwa mara ya kwanza tangu maombi yaanze, na hafumbi macho. Watu wote wamefumba yao. Ni miaka mingi hajakaa katikati ya watu wengi namna hii bila mtu hata mmoja kumtazama, na anawatazama yeye, mmoja mmoja, pasipo haraka, mama mwenye soksi za rangi mbili, mama anayesinzia kidogo, wifi na kamasi zake, watu waliopanda mlima kumwombea kwa uongo aliowapa, atawaambia, siyo leo pengine, lakini atawaambia, na macho yakaenda hadi mlangoni, na pale mlangoni alikuwa amesimama Nathanaeli na kofia yake mkononi, na Nathanaeli hakuwa amefumba. Alikuwa akimwangalia. Siyo usoni. Alikuwa anamwangalia kifuani, mchana huu mweupe, mkewe akiwa macho na amekaa wima mbele ya kanisa zima, anatazama kitenge kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, na midomo yake inatikisika, na mtu mwingine angedhani anasali, ila Rahabu, aliyemjua miaka ishirini na miwili, aliona kwamba anahesabu.